Kulifuata gome hadi mtini: Tanga, Amani, Lushoto

Maelezo haya tumeyapanga baada ya kurudi, kwa daftari na picha za simu. Ilikuwa Juni, masika yamekwisha na barabara za milimani zimeanza kukauka. Nia ilikuwa kuchukua dawa za miti shamba zinazouzwa mjini na kuzifuata kinyumenyume hadi zilikochimbwa, tuone mti umebaki na hali gani na mgonjwa anapata nini. Nauli na bei ni tulizolipa sisi, zinapanda na kushuka.

Jumatatu. Tanga, Ngamiani

Dar es Salaam hadi Tanga hakuna la kusimulia: Chalinze, Segera, usingizi. Tulishuka mchana, tukala wali na changu wa kukaanga kwa mama lishe jirani na stendi, Sh 5,000 sahani, tukaingia Ngamiani kwa miguu.

Wauza dawa hukaa penye kivuli, mkeka chini, mafungu juu yake. Sehemu kubwa ya mali si ya huku: habasoda, mvuje, shubiri, ubani, vitu vilivyozoea kuja kwa bahari. Iliyobaki ndiyo tuliyoifuata: mizizi ya mjafari, magome ya mwarobaini, ya mkwaju, na vipande ambavyo kila muuzaji aliviita jina lake. Fungu Sh 1,000, unga uliofungwa kwenye karatasi Sh 2,000.

Fungu la gome linasomeka, ukijua pa kuangalia. Kipande kipana kilichopinda kidogo kimetoka kwenye shina nene, tena upande mmoja. Kipande kilichojikunja kama bomba, ncha zikikaribia kukutana, huenda kimemenywa kwenye mti mchanga kuuzunguka wote, na kama ndivyo, mti huo umekwisha kufa. Kwenye mizizi, tazama unene. Ulio sawa na kidole gumba ni mzizi wa pembeni. Ukiona unene wa kifundo cha mkono, na katikati pana kiini kigumu cha mti, ujue aliyechimba alifika kwenye mzizi mkuu. Katika mafungu tuliyopekua siku hiyo, ya aina ya pili yalikuwa mengi.

Muuzaji mmoja, kijana mcheshi, alitupa kigoda na kutujibu bila kuficha. Mzigo humjia kwa magunia kutoka pande za Muheza na Handeni. Yeye hupanga mafungu tu, mti wenyewe hajawahi kuuona umesimama. Hapo ndipo penye shida, na tungependa wanaowalaumu waganga kila msitu unapopungua wapasikie. Mganga wa kijijini huchukua konzi ya dawa kwenye mti atakaourudia mwaka ujao. Anayejaza gunia hana miadi na mti wowote. Kijana akatuelekeza mahali mizigo inaposhushwa Muheza, akakataa hela ya soda.

Kwa mnunuzi: usinunue unga. Ukishasagwa, mnunuzi hawezi kujua kwa macho ni mti gani, sehemu gani, wa lini. Nunua kipande kizima, uliza ni gome la shina au la mzizi, na lini limekauka. Kivunje. Kilichokauka vizuri hulia na kukatika, chenye unyevu hupinda. Ukiona ukungu mweupe au kijani kwenye mkunjo, kirudishe.

Jioni tulipita Bombo. Hospitali hii ina historia inayohusu safari yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa hapa walianza kufanya kazi na waganga wa Pangani na Tanga kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, kabla ya dawa za kufubaza virusi kupatikana, na kazi hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kama Tanga AIDS Working Group. Dawa za waganga zilitumika kwa magonjwa nyemelezi: fangasi za mdomoni, kuhara, mkanda wa jeshi, kukosa hamu ya kula. Faida yake nyingine ni kwamba daktari na mganga walizoea kupelekeana wagonjwa.

Jumanne. Muheza hadi Zigi

Tanga hadi Muheza ni kama kilomita 35 za lami, Sh 2,500. Muheza ya Juni ni machungwa: mafungu barabarani, magunia juu ya malori, maganda kila mahali. Tuliambiwa basi la Amani huondoka saa nane mchana. Liliondoka saa kumi na nusu, baada ya kupakia saruji, magodoro na jogoo wawili. Mama muuza machungwa alituwekea mabegi chini ya meza yake muda wote huo ili tukazunguke.

Mahali alipotuelekeza kijana wa Ngamiani tulipapata bila taabu. Magunia manne yalikuwa yamelala ukutani, mawili ya mizizi. Mpagazi alisema mchimbaji hulipwa kwa gunia, si kwa aina wala ubora, na mizizi mibichi ndiyo inayojaza haraka. Mali ya namna hiyo ikifungwa mbichi kwenye gunia la plastiki na kukaa siku mbili tatu stendi, huanza kupata joto na kuoza kwa ndani kabla haijafika sokoni. Kwa hiyo mti umekufa, na dawa nayo imeharibika.

Sheria ipo. Mazao ya msitu, magome na mizizi ikiwemo, yanahitaji kibali chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Waganga nao wana sheria yao, ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, yenye Baraza na utaratibu wa usajili unaoanzia kwa mganga mkuu wa wilaya. Mganga akisajiliwa anajulikana alipo. Gunia halisajiliwi popote.

Barabara ya kupanda ni ya udongo, na baada ya mvua utelezi wake ni wa hatari. Sisi tulipita pakavu. Tulishuka lango la Zigi giza limeingia. Hapo ndipo ilipoishia reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni mwanzoni mwa karne ya 20, na nyumba ya mkuu wa stesheni ndiyo sasa kituo cha wageni cha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Hifadhi ilitangazwa 1997, ya kwanza ya aina yake nchini. Chumba Sh 25,000, makande ya mpishi Sh 4,000, maji ya moto ndoo moja.

Kwa atakayekwenda: ada ya kuingia hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si taslimu mkononi, na mtandao wa simu pale ni wa kubahatisha. Omba namba na ulipe ukiwa bado Muheza.

Jumatano. Vijiji vya chini ya Zigi

Ndani ya hifadhi huvuni chochote, hata jani, kwa hiyo mwongozaji alitupeleka chini, kwenye mashamba makavu yanayorudi upande wa Muheza, kwa bibi mmoja mganga anayejulikana eneo lote. Bodaboda Sh 6,000 kila mmoja. Ukifika kwa mganga mzee, shikamoo kwanza, habari za nyumba na mvua baadaye, shida yako mwisho. Na ukitaka kujifunza, lipia muda wake, usijifanye unanunua dawa. Bibi alitaka Sh 10,000 na sabuni ya mche.

Tulianza na mjafari, kwa sababu ndio uliojaa sokoni. Shina lake lina vinundu vyenye miiba, na jani ukilifikicha linanuka kama limau, hivyo si rahisi kuukosea. Wengi huutafuta kwa ajili ya homa, na wanachotaka ni gome la mzizi. Bibi hachimbi shinani. Hupiga hatua moja kutoka kwenye shina, akafukua kwa kijembe kidogo hadi akutane na mzizi unaokwenda pembeni, wenye unene wa kidole gumba, akakata urefu wa mkono hadi kiwiko. Kipande kimoja, upande mmoja. Ncha iliyobaki ardhini huikata kwa kisu kikali, isichanike, kwa sababu jeraha lililochanika huingiza uozo na kuvu. Kisha anarudisha udongo, anaukanyaga, anafunika kwa majani makavu. Tawi la upande aliokata anafungia kipande cha kamba ya katani. Kamba ikiwepo, mwaka huo mti hauguswi.

Tulimuuliza kama majani hayafai badala ya mzizi. Akasema kwa kikohozi cha watoto yeye hutumia majani siku zote, na kwamba wateja wa mjini ndio wanaodhani mzizi ni dawa zaidi kwa kuwa umetoka chini. Hili la jani badala ya mzizi haliwezekani kwa kila mti, maana viambato hutofautiana sehemu kwa sehemu, lakini linapowezekana ndilo linalookoa mti kuliko marufuku yoyote. Uchumaji wa majani nao una adabu yake: chuma kwenye matawi mengi, kidogo kidogo, acha vichipukizi vya juu, na usichume mti ulio kando ya barabara kuu wala shamba lililopuliziwa dawa ya wadudu.

Nusu ya kazi ya bibi ni ukaushaji, na ndipo dawa nyingi za sokoni zinapoharibikia. Mizizi huoshwa mizima, haraka, kwa maji safi, halafu ndiyo hukatwa vipande. Ukiikata kwanza kisha ukaiosha, unamwaga dawa pamoja na maji. Na ikatwe ingali mbichi, maana ikikauka hukataa kisu. Vipande huenda kwenye kichanja cha fito kinachofika kiunoni, chini ya paa la makuti, upepo ukipita juu na chini. Tabaka lisizidi unene wa kidole, ligeuzwe asubuhi na jioni. Majani huwa tayari kwa siku tatu hadi tano, yakishikwa yanavunjika. Gome na mizizi huchukua wiki moja hadi mbili kulingana na hewa. Jua kali hupausha majani na kupeperusha mafuta yenye harufu. Moshi wa jikoni huacha masizi. Lami ya barabarani, ambako tumeona watu wengi wakianika, huleta vumbi na moshi wa magari.

Iliyokauka hukaa kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, juu, mbali na ukuta, ikiwa na jina, sehemu na mwezi. Nailoni hutega unyevu. Iliyoota ukungu hutupwa, na kuichemsha hakusaidii: sumu ya kuvu haiondoki kirahisi kwa moto.

Mchana tulikula ugali wa muhogo na kisamvu hapo hapo, hela ikakataliwa kabisa.

Jioni mwongozaji alituonyesha jambo dogo la mlonge. Maji ya Mto Zigi hushuka hadi bwawa la Mabayani, na ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Mvua ikinyesha juu penye mashamba yasiyo na kinga, hushuka mekundu. Nyumbani watu huyatuliza kwa mbegu za mlonge. Chukua mbegu zilizokomaa na kukaukia kwenye ganda, menya zibaki nyeupe, twanga unga laini, mbegu moja hadi mbili kwa lita kulingana na uchafu. Koroga unga na maji safi kidogo, chuja kwa kitambaa, mimina kwenye ndoo. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika tano hadi kumi, acha saa moja au zaidi bila kugusa. Tope litazama, chota ya juu. Halafu chemsha. Mbegu hupunguza vijidudu, haivimalizi, na maji hayo yakilala zaidi ya siku moja hunuka kwa sababu ya mabaki ya mbegu. Usiutegemee mlonge kwa dawa za mashambani wala zebaki ya wachimba dhahabu. Na mizizi yake isinywewe: ina sumu, na mjamzito aiogope kabisa.

Alhamisi. Amani

Zigi hadi Amani ni mwinuko wa kona kali hadi kama mita 900. Tulipata lifti ya lori la chai. Dereva hakutaka kitu, utingo akataka Sh 1,000 ya vocha, akapewa.

Bustani ya Amani ilianzishwa 1902, Wajerumani wakijaribu mimea ya kila bara: mdalasini, kafuri, mipira, na mti wa kwinini ulioletwa kutoka milima ya Amerika Kusini. Wenyeji wa Andes walijua magome yake muda mrefu kabla ya wengine. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, askari wa Kijerumani wa huku walitibiwa malaria kwa kwinini ya magome yaliyovunwa hapa hapa. Yafaa kujua namna mti huo unavyovunwa. Haumenywi umesimama. Hukatwa karibu na ardhi, gome lote hutolewa kwenye shina lililoanguka, na kisiki huachwa kichipue. Machipukizi hupunguzwa yabaki mawili au matatu, na baada ya miaka unakata tena. Mti usiochipuka vizuri hauwezi kuvunwa hivi, na ndiyo maana kanuni moja haitoshi miti yote.

Njiani mwongozaji alitusimamisha kwenye msambu, mti mrefu wenye matunda makubwa ya kahawia yanayoning'inia kama viazi vikuu. Wasambaa hukamua mbegu zake mafuta yanayoganda, ya kupikia na kupaka ngozi iliyopasuka. Tunda huokotwa likishaanguka, kwa hiyo dawa hii haiumizi mti. Tatizo lake ni wavunaji wanaookota yote, hakuna linaloachwa liote.

Zahanati ya jirani ilitupokea bila miadi, jambo ambalo hatukulitarajia. Muuguzi alikuwa na wagonjwa benchi zima, akatuambia tukae tusikilize. Maswali yake kwa kila mama mwenye mtoto yalikuwa yaleyale, na moja tulilinakili: “Nyumbani mmempa nini kabla ya kuja, na mara ngapi?” Hakuuliza kama wametumia miti shamba. Aliuliza nini, na hakukunja uso kwa jibu lolote. Jibu aliliandika kwenye kadi. Alituambia mama akigombezwa mara moja, safari ya pili huficha, na daktari hubaki akitibu ini au figo bila kujua kilichoingia.

Mambo anayoyafuatilia kwenye majibu hayo yanafaa kwa zahanati yoyote. Mafuta ya mwarobaini kwa mtoto mchanga, hata matone, ni hatari kubwa, yameleta degedege na vifo. Shubiri ya kunywa huharisha na kupoteza madini mwilini, na kwa anayetumia vidonge vya kukojoza maji hatari huongezeka. Msesewe, ambao Wachaga hutilia mbege, ni wa jamii ya miti iliyotoa dawa ya zamani ya kushusha presha, kwa hiyo mwenye vidonge vya presha asichanganye kimyakimya. Anayetumia dawa za kufubaza virusi au za kifua kikuu aseme kila kitu, asiache hata jani la chai.

Waganga wa eneo lake amewapa vijikaratasi vya rufaa, na dalili wamezikariri: mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea hajitambui, viganja vimepauka, mbavu zinaingia ndani akipumua. Hapo hakuna kuchemsha chochote, ni kuondoka. Homa ya kawaida nayo hupimwa malaria kwa kipimo cha haraka siku hiyohiyo, si baada ya kumaliza dozi ya mizizi. Karatasi ikirudi, muuguzi huandika alichokuta, mgonjwa humrudishia mganga. Bila hilo mganga huona amenyang'anywa mgonjwa, na hatatuma mwingine.

Kosa moja tuliliona nyuma ya jengo. Tanuri la kuchomea taka lilikuwa hatua chache kutoka kwenye bustani ya miti dawa iliyopandwa kwa ajili ya mafunzo. Mabomba ya sindano na mifuko ya plastiki ikichomwa kwa moto hafifu, moshi wake hubeba sumu na hutua kwenye majani. Taka zitenganishwe zinakotokea: sindano kwenye sanduku lake, plastiki isiyo na damu isiingie motoni, kondo kwenye shimo lake. Tanuri likae upande unakoelekea upepo, moshi usipite bustanini, na moto uwe umepamba kabla ya kutia taka. Muuguzi alilijua hilo. Bustani ilipandwa na mradi, tanuri lilijengwa na mradi mwingine.

Ijumaa. Njiani

Basi la kushuka Muheza huondoka alfajiri, saa kumi na mbili kasoro. Ukilikosa, siku imekwenda. Muheza, Segera, Korogwe, Mombo: vumbi, korosho za dirishani, redio. Mombo tulibadilisha gari, Sh 4,000 hadi Lushoto, kilomita 33 hivi za kona kupitia Soni. Kaa upande wa bondeni ukitaka kuona bonde, wa mlimani kama hupata kizunguzungu. Juu huko kuna baridi ya kweli mwezi Juni. Sweta si pambo.

Jumamosi. Magamba

Hifadhi ya Magamba iko juu ya mji, msitu wa mvua wenye ukungu. Tulichokifuata ni mti ambao Kilimanjaro huitwa mkondekonde, na wataalamu huuita Prunus africana. Gome lake limesafirishwa Ulaya kwa miongo kadhaa kwa ajili ya tezi dume, likitoka hasa Kameruni, Madagaska, Kenya na nchi jirani. Milima mizima ilimenywa, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Wazee wa milima hii walikuwa wakilitumia kwa tumbo na homa, kipande cha kiganja.

Bwana miti aliyetutembeza alionyesha njia sahihi kwa mkaa, bila kugusa kisu, kwa kuwa tulikuwa ndani ya hifadhi. Zungushia shina kamba usawa wa kifua. Mduara ukiwa chini ya sentimita 95 au hivyo, yaani kipenyo cha sentimita 30, acha mti. Ukitosha, ikunje kamba mara mbili, upate robo nne, uweke alama kwenye shina. Utavuna robo moja na ile inayotazamana nayo, mbili za kati zibaki nzima ili chakula kiendelee kushuka mizizini. Anza juu ya mita moja, ishia chini ya tawi la kwanza. Kata mistari miwili ya wima, halafu ya juu na chini, inua gome kwa kabari ya mti, si kwa panga. Chini ya gome kuna utando mwembamba wenye majimaji. Huo ndio unaozaa gome jipya. Ukikwanguliwa na panga, au ukipigwa na jua kali siku ya kwanza, unakauka na jeraha halizibi. Ndiyo maana huvunwa siku ya mawingu au asubuhi mapema. Usiushike kwa mkono. Kisha uondoke, urudi baada ya miaka mitano kwa uchache, na saba ni bora, uvune robo zilizobaki kama za kwanza zimejifunika.

Waganga wengi wa Afrika huvuna upande wa mawio na wa machweo ya jua, wakasema dawa ya pande hizo ndiyo yenye nguvu. Pande mbili zinazotazamana: hesabu ni ileile ya kamba.

Alituonyesha na mti ulioshindwa, nje kidogo ya mpaka. Ulimenywa mzunguko wote hadi urefu wa mtu. Majani yalikuwa bado ya kijani, na mpita njia angeapa ni mzima. Mti wa namna hiyo huishi kwa akiba ya mizizi msimu mmoja au miwili, kisha hukauka kuanzia juu. Anayekagua msitu kwa kuangalia vilele tu huchelewa kwa miaka.

Kuhusu mahitaji ya ghafla, yeye hutoa mfano wa Samunge, Loliondo, 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alitoa kikombe cha mizizi ya mugariga kwa Sh 500, foleni za magari zikafika kilomita nyingi. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi wakaumia. Na hiyo mizizi yote ilichimbwa mahali fulani, na watu waliolipwa kwa mzigo.

Chakula: ugali na maharage katikati ya mji Sh 3,000. Mwenye mgahawa alituazima mwavuli hadi kesho yake.

Jumapili. Lushoto, kitaluni

Tulimaliza kwenye vitalu. Lushoto ina kituo cha TAFORI, taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu, na wakulima wengi wa hapa wana vitalu vyao nyuma ya nyumba. Mkondekonde hupandwa kama uzio na kivuli cha kahawa, na aliyepanda wake hahitaji kibali cha kuingia msituni.

Mbegu yake ndiyo inayowashinda wengi. Haivumilii kukaushwa wala kuwekwa: ya mwaka jana haioti. Okota tunda likiwa limegeuka zambarau, siku hiyohiyo lisugue kwenye maji uondoe nyama yote, maana nyama ikibaki huoza na kuua kiini. Tandaza mbegu kivulini siku mbili tatu, upande ndani ya wiki chache. Kitanda cha mchanga na udongo wa msituni, kina cha sentimita moja, nyasi juu, maji asubuhi. Huota kwa mwezi mmoja hadi miwili, bila kufuatana, kwa hiyo usipindue kitanda kwa kuona nusu tu imetoka. Miche ikiwa na majani mawili ya kweli hamishia kwenye viriba, kivuli cha nusu, kisha ipunguzie kivuli kidogo kidogo mwezi wa mwisho kabla ya mvua. Panya hupenda mbegu hizi, weka wavu.

Mche mmoja tuliuziwa Sh 1,000, wa kimo cha goti. Tulinunua sita, tukavifunga viriba kwa magazeti mabichi ndani ya boksi la sabuni, na kondakta wa basi la Dar akaliweka miguuni mwake badala ya kwenye buti, kwa sababu alisema buti lina joto.